Siku Moja katika Mitaa ya Zamani ya Mwanza: Mwongozo wa Kutazama, Kununua na Kula

Wageni wengi wanaofika Mwanza huelekezwa kwanza kwenye maduka makubwa ya kisasa yenye viyoyozi na maegesho, kisha huambiwa kwamba katikati ya jiji hakuna cha maana isipokuwa msongamano. Mimi nashauri kinyume chake. Mitaa ya zamani iliyo kati ya Mnara wa Saa, Mtaa wa Lumumba, Mtaa wa Rufiji na Makoroboi ni midogo kiasi kwamba mtu anaweza kuizunguka yote kwa miguu ndani ya nusu siku, lakini ina saa zake: kuna saa ya kutazama, saa ya kununua kitambaa, saa ya kula samaki, na saa ambayo ni afadhali mtu awe ameshaondoka. Anayekwenda kinyume na saa hizo ndiye anayerudi na malalamiko, na kwa sababu hiyo mwongozo huu umepangwa kwa kufuata saa.

Kabla ya kutoka: siku na mzigo

Siku nzuri ni Jumatatu hadi Alhamisi, au Jumamosi asubuhi. Ijumaa maduka kadhaa hufungwa kwa muda wa sala ya adhuhuri, na Jumapili sehemu kubwa ya maduka ya vitambaa huwa yameteremsha milango yake ya chuma. Asiye na haja ya kununua, hata hivyo, asiidharau Jumapili, kwa kuwa ndiyo siku pekee anayoweza kusimama katikati ya mtaa akatazama majengo bila kupigiwa honi.

Beba kikapu au mfuko wa kitambaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na ile mifuko mbadala inayouzwa barabarani huchanika mara tu inapowekewa kitu chenye unyevu. Beba pia noti ndogo. Maduka mengi hupokea malipo ya simu kwa lipa namba, lakini mafundi wa bati wa Makoroboi na mama lishe wengi hupendelea fedha taslimu, na mtu anayetoa noti ya shilingi 10,000 asubuhi na mapema kwa kitu cha shilingi 1,000 humfanya muuzaji azunguke kwa majirani watatu akitafuta chenji, huku bidhaa yake akiwa amekuachia wewe uilinde.

Saa mbili asubuhi: Mnara wa Saa, na macho yaelekee juu

Barabara kuu tatu huingia katikati ya jiji: Nyerere kutoka upande wa Igoma na Musoma, Kenyatta kutoka Mkuyuni na Nyegezi, na Makongoro kutoka Kirumba na uwanja wa ndege. Daladala yoyote ya barabara hizo itakushusha mjini kati, na hapo ulizia Mnara wa Saa. Mnarani kuna kibao kinachoeleza kwamba tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke, akiwa katika kilima cha Isamilo, aligundua maji makuu ya Ziwa Victoria. Wavuvi wa Kisukuma waliokuwa wakilivua ziwa hilo siku hiyo hiyo, nao wakiliita Nyanza, hawakuulizwa maoni yao kuhusu neno "aligundua".

Kutoka hapo ingia katika mitaa ya ndani, na kwa muda wa saa moja usinunue chochote. Tazama juu ya mabango. Chini ni mabango ya simu, dawa na mikopo, ambayo yanafanana na ya mji mwingine wowote. Juu yake ndiko historia ilikobaki. Wajerumani walianzisha kituo chao Mwanza mwaka 1892, na reli kutoka Tabora ilifika mwaka 1928, ambapo pamba ya Usukuma iliyokuwa ikisafirishwa kwa meli kuvuka ziwa ilipata njia nyingine ya kwenda pwani. Wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, ambao walikuwa wakinunua pamba na kuuza nguo, chumvi na mafuta ya taa, walijenga nyumba za ghorofa moja au mbili kwa mpango mmoja: duka chini, familia juu, roshani upande wa barabara na ukumbi wenye nguzo unaomkinga mpita njia na mvua. Katika baadhi ya nyumba hizo utaona, karibu kabisa na paa, mwaka wa ujenzi au jina la ukoo lililochorwa kwa saruji, wakati mwingine likiwa limepakwa rangi mara nyingi hadi herufi zimekuwa butu kama sabuni iliyotumika.

Ukijiuliza kwa nini nyumba yenye jina la ukoo mmoja ina wapangaji kumi na mwenye nyumba ambaye si mtu, jibu mara nyingi ni sheria ya mwaka 1971, ambayo ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 ofisi ya Msajili iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Ndiyo maana majengo mengi ya katikati ya miji yetu yana vibao vya shirika hilo hadi leo.

Soma pia majina ya mitaa yenyewe. Lumumba wa Kongo, Kenyatta wa Kenya, Nkrumah wa Ghana, Nasser wa Misri, Balewa wa Nigeria: miaka ya uhuru imebandikwa kwenye kona za barabara, na mtoto wa shule anaweza kufundishwa Afrika ya wakati huo kwa kutembezwa tu. Mtaa wa Rufiji, wenye jina la mto ulio mbali kabisa na ziwa, huvunja mpangilio huo, na sijakutana na mtu aliyelalamika.

Saa tatu: chai

Hapa pasikuchukue muda mrefu. Kunywa chai ya rangi au ya maziwa na chapati, au ukipenda chakula kizito agiza supu, lakini usishibe, kwa kuwa chakula chenyewe ni cha saa saba. Kwenye migahawa yenye asili ya Kihindi utapata pia kachori na sambusa, na kachori zinafaa kuliwa zingali moto kwa sababu zikipoa ganda lake hulegea.

Saa nne: vitambaa

Hii ndiyo sehemu ambayo watu hupoteza fedha, kwa hiyo nitakaa nayo. Maduka ya vitenge, kanga, mashuka na nguo za sherehe yamejaa katika Mtaa wa Lumumba, Mtaa wa Rufiji na mitaa inayokatiza kuelekea Makoroboi. Saa nne ni saa nzuri kwa sababu mwenye duka ameshapanga bidhaa na hajachoka, na mwanga wa barabarani unatosha kukuonyesha rangi halisi.

Anza kwa salamu. Mwanza ni jiji la watu wa makabila mengi, lakini "Mwangaluka" asubuhi au "Mwadila" mchana, kwa mtu mwenye umri wa mama yako ukiongeza "mayu", hufungua mazungumzo kuliko swali la bei. Mzee apewe shikamoo yake hata kama anauza vifungo. Mtu anayeingia dukani na kusema "hii shingapi?" bila salamu hupewa bei, naam, lakini hupewa bei ya mgeni.

Baada ya salamu, kabla ya kuuliza bei, uliza kipimo. Kitenge huuzwa kwa yadi, kwa doti, kwa pisi au kwa jora zima, na maneno hayo hayana maana moja katika kila duka. Niliwahi kununua "doti" ya kitenge nikiwa na haraka, nikaipeleka kwa fundi aliyekuwa amekaa barazani hatua ishirini kutoka hapo hapo dukani. Fundi aliikunjua juu ya cherehani, akaipima kwa futi yake ya kitambaa, akainua macho na kuniuliza kwa upole sana, "Kaka, hii gauni unamshonea mtoto?" Kitambaa kilikuwa na yadi tatu na robo. Niliporudi dukani niliambiwa kwamba mimi nilisema doti, sikusema yadi nne, na kwa kweli ndivyo nilivyosema. Tangu siku hiyo husema yadi, na kitambaa hupimwa mbele yangu juu ya kaunta kwa mti wa yadi, si kwa mikono iliyonyooshwa kutoka puani hadi vidoleni, kwa maana mikono ya wauzaji hawa huwa inasinyaa mteja anapogeuka.

Kisha kagua kitambaa chenyewe. Geuza upande wa pili: kitenge kizuri kina rangi iliyopenya hadi nyuma, nacho cha bei ndogo huwa kimepauka upande mmoja. Sugua pembe kwa leso yenye maji kidogo uone kama rangi inatoka. Ukiambiwa ni pamba tupu, omba uzi mmoja kutoka ukingoni na uuchome: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, wakati uzi wa plastiki hujikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi. Muuzaji anayejua bidhaa yake atakuazima kiberiti mwenyewe. Kwa kanga, tazama kwamba vipande viwili vya doti vimechapwa sawasawa, kwamba pindo halikupotoka, na usome jina lake kwa sauti kabla ya kulipa. Kuna majina ya mafumbo ambayo hayafai kumpelekea mama mkwe.

Bei hupatanwa kwa utulivu. Ukiwa mteja wa kwanza wa siku, una nguvu zaidi kuliko unavyodhani, kwa kuwa wauzaji wengi hawapendi wa kwanza aondoke mikono mitupu. Ukishakubaliana, dai risiti ya mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi. Ni haki yako, na ndiyo itakayokusaidia ukirudi na kitambaa chenye kasoro.

Fundi wa barazani anaweza kupinda kanga ukiwa umesimama, na mfuko au suruali akaumaliza siku hiyo hiyo. Gauni usilitarajie kabla ya siku mbili au tatu, hata akikuahidi jioni.

Saa tano: Makoroboi

Fuata sauti. Makoroboi hujulikana kwa nyundo kabla ya kuonekana, kwa kuwa jina lake limetokana na koroboi, taa ndogo ya mafuta ya taa yenye utambi, ambayo mafundi wa hapa waliitengeneza kwa makopo na mabati yaliyotupwa. Kadiri umeme unavyoenea, koroboi zinapungua, lakini kazi haijafa: mafundi hutengeneza majiko ya mkaa, makarai, vikaangio, miiko, masanduku ya bati ya wanafunzi na vyombo vya kumwagilia bustani.

Simama kidogo umwangalie fundi mmoja akitengeneza koroboi. Huanza na kopo la maziwa au la rangi, akalikata kwa mkasi mzito bila kuchora mstari wowote. Kipande cha juu hukunjwa kuwa faneli ndogo, kinapigwa kwenye kipande cha reli kinachotumika kama fuawe, kisha mrija wa utambi huchomekwa na kuunganishwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Mwishoni huijaza taa maji na kuibinua ili aone kama inavuja. Ukitazama ndani ya mpini, utaona bado maandishi ya kiwanda kilichotengeneza kopo, yakiwa yamegeuzwa ndani nje.

Ukinunua jiko, bonyeza miguu yake uone kama inacheza, na piga ubavu wake kwa ukucha: bati jembamba hulia kama karatasi na litatoboka kabla ya mwaka. Ukinunua koroboi kwa kumbukumbu tu, omba uwekewe maji kama anavyofanya fundi. Ukitaka kupiga picha, omba ruhusa kwanza, na ukipewa, nunua hata mwiko. Hawa ni watu walio kazini.

Eneo hili, pamoja na njia zilizo jirani, ndilo pia lililokuwa na msongamano mkubwa wa wamachinga. Mwishoni mwa mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo katika miji ya Tanzania walielekezwa kuhamia maeneo yaliyopangwa, na mpaka sasa mpangilio wa nani yuko wapi hubadilika. Usitegemee kwamba yule uliyenunua viatu kwake mwaka juzi utamkuta kona ile ile. Ulizia jirani yake, kwa kuwa atajua.

Hatua chache kutoka kwa mafundi kuna hekalu la Wahindu, na misikiti haiko mbali. Unaweza kusikia nyundo, kengele na adhana ndani ya saa moja. Hekaluni vua viatu, uvae nguo zinazofunika mabega na magoti, na usiingie wakati wa ibada bila kumuuliza mlinzi.

Saa saba: samaki

Kwa maoni yangu mtu aliyekula kuku katikati ya Mwanza amepoteza mlo. Kinacholiwa hapa ni sato, samaki wa jamii ya tilapia, anayeletwa mzima akiwa wa kukaanga au wa kuchemsha, pamoja na ugali. Sangara ni mkubwa na nyama yake ni ya minofu. Aliletwa katika ziwa hili miaka ya 1950 na 1960, akala sehemu kubwa ya furu, samaki wadogo waliokuwamo, na baadaye akawa biashara ya kimataifa. Minofu yake husafirishwa nje na vichwa na mifupa, inayoitwa mapanki, ikabaki kwa wenyeji. Supu ya kichwa cha sangara ni nzuri kwa siku ya mvua. Lakini kwa anayekula mara moja tu, ni sato.

Chagua mahali penye watu wengi wa ofisini na madereva, penye mama lishe anayekuonyesha samaki kabla hajamkaanga. Mtazame jicho, ambalo linatakiwa kuwa limejaa na kung'aa, si lililozama. Funua shavu uone kama matamvua ya ndani ni mekundu. Bonyeza ubavu kwa kidole uone kama unarudi. Samaki hupangiwa bei kwa ukubwa, kwa hiyo patana juu ya samaki huyo mmoja uliyeonyeshwa, na uulize kama bei imejumuisha ugali, mboga na kachumbari. Kisha subiri. Samaki aliyepikwa kwa agizo lako huchukua karibu nusu saa, na akija baada ya dakika tano ujue alikaangwa kwa ajili ya mtu mwingine aliyemkataa.

Ugali nao una chaguo: wa sembe, wa dona, au wa muhogo, ambao rangi yake ni ya kijivu kidogo, unanata, na harufu yake ya kuchachuka humshtua asiyeuzoea. Wasukuma wengi watakuambia ndio unaofaa samaki wa mchuzi, na mimi nakubaliana nao. Kula kwa mkono wa kulia, maji ya kunawa utaletewa, na anza na nyama ya mgongoni ambako miiba ni michache. Kichwa usikiache. Ukikiacha, mama atakuuliza kama hukupenda chakula chake. Ukimaliza sema "wabeja", nalo ni asante.

Ukipita sokoni baadaye, ulizia michembe na matobolwa. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa, na matobolwa huchemshwa kwanza ndipo yakakatwa na kuanikwa. Yote mawili ni akiba ya Wasukuma kwa miezi ya njaa, hukaa muda mrefu bila kuharibika, na ni zawadi ambayo haitamwagika kwenye begi.

Alasiri

Baada ya saa tisa mitaa ya ndani hujaa, jua linakuwa kali na wauzaji wanachoka. Ondoka. Mwenye hamu ya kuelewa utamaduni wa Kisukuma zaidi ya salamu na ugali apange siku nyingine kwenda Bujora, Kisesa, pembeni mwa barabara ya Musoma, ambako kuna makumbusho yenye ngoma na vifaa vya watemi. Baada ya sikukuu ya Ekaristi hufanyika huko sherehe ya Bulabo, ambapo makundi mawili ya wacheza ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana kuvuta watazamaji, na wapo wanaocheza na nyoka hai.

Kwa siku hii ya mtaani inatosha kutembea hadi ufukweni karibu na Jiwe la Bismarck, mwamba uliosimama juu ya mingine ndani ya maji kana kwamba uliwekwa kwa mkono. Fika saa kumi na mbili kasorobo, kabla jua halijazama. Usipige picha kuelekea bandarini.

Kesho yake: dagaa

Dagaa hununuliwa mwisho, asubuhi ya kuondoka, kwa sababu ya harufu. Wanapatikana sokoni mjini, na kwa anayetaka wengi, Mwaloni Kirumba, ambako boti hushusha mzigo. Kipimo ni sado, yaani lile kopo la rangi la lita nne. Kabla dagaa hawajamiminwa, pokea kopo mikononi mwako, uligeuze na ulitazame kitako. Kitako kilichobonyezwa kwenda ndani hula gao lako la mboga ya siku mbili, na muuzaji akiona umekitazama, mara nyingi atachukua kopo lingine mwenyewe bila neno.

Dagaa wazuri wanang'aa kama fedha na wanavunjika kwa sauti. Walioanza kuwa na rangi ya njano wamekaa au walinyeshewa. Chota konzi kutoka chini ya gunia, si juu, uwasugue viganjani kisha uwapeperushe. Mchanga ukibaki kiganjani, walianikwa chini ufukweni, nao watahitaji kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu mara tatu au nne. Walioanikwa kwenye chanja au turubai bei yao iko juu kidogo, na ndio ninaonunua.

Wafunge kwenye karatasi, kisha kwenye mfuko wa salfeti, kisha uufunge mdomo kwa kamba. Ndani ya basi uwaweke kwenye buti, wala si chini ya kiti, na umwambie kondakta mapema kuwa ni dagaa, kwa sababu atajua mwenyewe kabla hamjafika Usagara, nje kidogo tu ya jiji.